Upimaji wa DNA kwa halaiki: Hiari inapogeuka shuruti

MNAMO Januari 1987, polisi wa kaunti ya Leicestershire nchini Uingereza walichukua hatua ambayo haikuwa imewahi kuchukuliwa na kikosi chochote cha polisi duniani. Waliwaomba wanaume wote wa rika ambalo muuaji waliyemsaka alidhaniwa kuwa, katika vijiji vya Narborough, Enderby na Littlethorpe, wajitokeze kwa hiari yao na kutoa damu na mate ili vipimwe DNA.

Takriban wanaume 5,000 waliitikia mwito huo. Hakuna sheria iliyowalazimisha kufika. Lakini katika kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake, aliyekosa kwenda angeulizwa sababu na jirani kabla ya kuulizwa na polisi.

Tangu wakati huo, upimaji wa halaiki umetumiwa na wapelelezi Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi, Italia, Australia na Marekani. Umewanasa wauaji ambao huenda wangezeeka na siri zao. Aidha, umezua swali ambalo mahakama na mabunge ya nchi hizo hayajalimaliza hadi leo: je, mtu anapoombwa na polisi mate yake huku akijua kwamba akikataa atashukiwa, hiari yake ina uzito gani?

Kisa cha Leicestershire chafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu kinabeba karibu kila hoja inayotolewa leo, ya kuunga mkono na ya kupinga.

Msichana wa miaka 15 alibakwa na kunyongwa karibu na Narborough mnamo Novemba 1983. Mwezi wa Julai 1986, msichana mwingine wa umri huo huo aliuawa kwa njia hiyo hiyo, si mbali na pale alipouawa wa kwanza. Polisi walimtia mbaroni kijana wa miaka 17 aliyekuwa na matatizo ya kuelewa mambo, naye akakiri mauaji ya msichana wa pili. Alikataa katakata kuhusika na yale ya kwanza.

Ilisadifu kwamba katika Chuo Kikuu cha Leicester, mwendo wa kilomita chache kutoka vijiji hivyo, mwanasayansi Alec Jeffreys alikuwa amegundua mnamo Septemba 1984 njia ya kumtambua mtu kwa DNA yake. Matumizi ya kwanza ya ugunduzi huo hayakuhusu uhalifu hata kidogo. Mnamo 1985 ulitumiwa kuthibitisha kwamba mvulana mmoja mwenye asili ya Ghana, aliyezuiwa na maafisa wa uhamiaji kuingia Uingereza, alikuwa kweli mtoto wa mwanamke aliyedai kuwa mama yake. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwani linaonyesha kwamba tangu mwanzo DNA ilikuwa chombo cha kufichua ukoo kabla ya kuwa chombo cha kumnasa mhalifu.

Polisi walimpelekea Jeffreys sampuli wakitarajia athibitishe kwamba kijana yule aliwaua wasichana wote wawili. Matokeo yaliwaduwaza. Wasichana hao walikuwa wameshambuliwa na mwanamume mmoja, na mwanamume huyo hakuwa kijana aliyekiri. Aliachiliwa huru, akawa mtu wa kwanza duniani kuondolewa lawama ya mauaji kwa ushahidi wa DNA. Bila maabara, yaelekea angefungwa kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe.

Ndipo polisi wakaamua kuwapima wanaume wote. Kazi hiyo iliendelea kwa miezi kadhaa na haikumpata muuaji. Sababu ilijulikana baadaye: mwokaji mikate aitwaye Colin Pitchfork alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake, akitumia pasipoti iliyobandikwa picha ya mwenzake huyo. Mnamo Agosti 1987, aliyedanganya alibwabwaja habari hizo mbele ya wenzake katika baa. Mwanamke mmoja aliyekuwepo alizipeleka kwa polisi, na Pitchfork akakamatwa mwezi uliofuata. DNA yake ilioana na ile ya muuaji. Januari 1988 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Waungaji mkono wa upimaji wa halaiki huitaja kesi hiyo kama ushindi wa sayansi. Ni ushindi kweli, ila kwa kiasi. Maabara ilimwokoa asiye na hatia na kumthibitisha mwenye hatia, lakini upimaji wenyewe wa maelfu ya watu haukumnasa. Kilichomnasa ni ulimi wa mwenzake. Watetezi hujibu kwamba asingelazimika kutafuta mtu wa kumtolea damu kama wanaume wote wasingeitwa, na hoja hiyo nayo ina mashiko.

ANAYEKATAA

Nchini Marekani, Katiba inamlinda raia dhidi ya upekuzi usio na sababu za kutosha. Polisi wanaotaka kuchukua mate ya mtu kwa nguvu ni lazima wamridhishe jaji kwamba kuna sababu za kumshuku yeye binafsi. Hata hivyo, anayekubali kwa hiari haangukii chini ya kinga hiyo, na hapo ndipo polisi wa huko walipopata mwanya.

Mnamo 2002, jiji la Baton Rouge katika jimbo la Louisiana lilikuwa limeingiwa na hofu kuu kutokana na mauaji ya mfululizo ya wanawake. Wapelelezi waliwaendea wanaume zaidi ya 1,000 wakiwaomba wakubali kusuguliwa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba. Miongoni mwa waliokataa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye hakuona sababu ya kuwapa polisi mwili wake ilhali hakuwa ametenda kosa lolote.

Polisi walikwenda mahakamani, wakapata hati ya kumlazimisha. Miongoni mwa sababu walizotaja ni kwamba aliwahi kupatikana na hatia ya wizi miaka mingi nyuma, kosa ambalo alikuwa amesamehewa. Vyombo vya habari viliipata hati hiyo na jina lake likatangazwa mjini kama la mtu anayechunguzwa kwa mauaji. Mate yake yalipopimwa, yalionyesha kwamba hakuhusika, lakini ilichukua majuma kadhaa kabla ya yeye mwenyewe kuzipata habari hizo. Mnamo 2006, mahakama ya rufaa ya serikali kuu ya Marekani iliamua kwamba hati ile ilitolewa bila sababu za kutosha.

Muuaji, Derrick Todd Lee, alikamatwa Mei 2003. Hakupatikana miongoni mwa wale waliopimwa kwa wingi. Alinaswa baada ya mpelelezi mwingine, aliyekuwa akifuatilia kesi za zamani katika mji wa jirani, kuomba kibali cha mahakama kuchukua sampuli yake kwa kuwa kulikuwa na sababu za kumshuku. Upelelezi wa kawaida, wa kupekua mafaili na kuunganisha visa, ulifanya kile ambacho vijiti elfu moja vilishindwa kufanya.

Hali iliyofanana na hiyo ilitokea katika mji mdogo wa Truro, Massachusetts. Mwanamke mwandishi wa habari za mitindo aliuawa huko Januari 2002. Miaka mitatu baadaye, Januari 2005, polisi walitangaza kwamba wangependa kuchukua mate ya kila mwanamume wa mji huo, idadi iliyokaribia 800, nao wakadokeza kwamba watakaokataa wataangaliwa kwa makini. Shirika la kutetea haki za raia, ACLU, liliwataka wasimamishe zoezi hilo kwa hoja kwamba kumtilia shaka mtu kwa sababu tu ametumia haki yake ni kuifuta haki yenyewe.

Aprili mwaka huo mshukiwa alikamatwa, akapatikana na hatia mwaka uliofuata. Alikuwa mkusanyaji wa takataka aliyezoa taka nyumbani kwa marehemu, na alikuwa ametoa mate yake kwa polisi tangu Machi 2004, kabla ya umati kuitwa. Sampuli ilikuwa imelala maabara kwa zaidi ya mwaka mmoja ikisubiri zamu yake. Wakati wanaume wa Truro walipokuwa wakipanga foleni na kutazamana kwa wasiwasi, jawabu lilikuwa tayari mikononi mwa serikali.

Uchunguzi uliofanywa na Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Omaha na kutolewa mwaka wa 2004 uliangalia visa 18 vya upimaji wa halaiki vilivyokuwa vimefanywa Marekani tangu 1990. Ni kimoja tu kilichomfichua mhalifu, na hicho kilihusu wafanyakazi wachache wa makao ya kuwatunza wagonjwa, yaani kundi ambalo tayari lilikuwa dogo na lenye uhusiano wa moja kwa moja na tukio.

Ubaguzi nao haukukosa kujipenyeza. Katika mji wa Ann Arbor, Michigan, polisi waliokuwa wakimsaka mbakaji mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na maelezo kwamba mhalifu ni mwanamume mweusi, na zaidi ya wanaume weusi 100 waliishia kupimwa. Mhalifu alipatikana kwa njia nyingine, baada ya kuonekana na dereva wa teksi. Mmoja wa wale waliotoa damu na kuondolewa lawama alilazimika kwenda mahakamani kudai damu yake irejeshwe.

Ni haki pia kueleza upande wa pili, na hakuna mfano bora kuliko ule wa Uholanzi.

Mwaka wa 1999, msichana wa miaka 16 alibakwa na kuuawa katika eneo la mashambani la Friesland, kaskazini mwa nchi hiyo. Karibu na hapo kulikuwa na kituo cha kuwahifadhi wakimbizi waliokuwa wakiomba hifadhi. Wakazi wengi walielekeza kidole cha lawama huko mara moja. Wengine walisema wazi kwamba ukatili wa namna ile haungeweza kutendwa na mwenyeji. Kwa miaka 13, wakimbizi waliishi chini ya kivuli cha tuhuma hiyo.

Mnamo 2012, baada ya sheria kubadilishwa, takriban wanaume 8,000 waliokuwa wakiishi ndani ya kilomita tano kutoka mahali pa tukio walialikwa kutoa mate, na idadi kubwa mno ilikubali. Miongoni mwao alikuwa mkulima mwenye familia, mwenyeji wa eneo hilo, aliyeishi kilomita chache tu kutoka kwenye shamba alimopatikana marehemu. DNA ilikuwa yake. Alikiri na mwaka wa 2013 akahukumiwa kifungo cha miaka 18. Kwa wakimbizi, upimaji ule uliokiuka faragha ya maelfu ulikuwa ndio njia ya pekee ya kusafishiwa jina.

Kwa nini muuaji alijipeleka mwenyewe? Yaelekea alijua kwamba asipokwenda yeye, damu yake ingefika kwa njia ya jamaa zake. Hapo ndipo penye kiini cha suala zima.

SIRI ZA UKOO

Mtu anapotoa mate, hajitoi yeye peke yake. Nusu ya DNA yake ameipata kwa baba, nusu kwa mama, na sehemu kubwa anashirikiana na ndugu, watoto na binamu. Maabara inaweza kuona kwamba sampuli fulani si ya mhalifu lakini inafanana nayo kiasi cha kuonyesha kwamba mhalifu ni wa damu moja na mtoaji. Aliyekubali kwa hiari, basi, amekubali pia kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa.

Katika mji wa Dörpen nchini Ujerumani, mwanamke alibakwa mwaka wa 2010 na takriban wanaume 2,400 wakapimwa. Hakuna aliyeoana moja kwa moja na ushahidi, lakini sampuli za ndugu wawili zilikaribia mno. Polisi walifuata njia hiyo hadi kwa mtoto wa kiume wa mmoja wao, ambaye alikuwa mdogo kiasi kwamba hakuwa ameitwa kupimwa. Baba alikuwa amejipeleka kwa nia njema kusaidia upelelezi, akamkabidhi mwanawe bila kujua.

Mahakama ya juu ya shirikisho la Ujerumani ilisema Desemba 2012 kwamba matumizi hayo yalivunja sheria, kwa kuwa watu walikuwa wamekubali kulinganishwa na ushahidi na wala si kutafutiwa jamaa. Lakini hukumu dhidi ya kijana iliachwa isimame kwa sababu wakati huo sheria haikuwa wazi. Mnamo 2017, bunge liliibadilisha sheria na kuruhusu kile ambacho mahakama ilikuwa imekikataza, mradi wanaopimwa waelezwe mapema. Tangu hapo Mjerumani anayefungua kinywa chake mbele ya kijiti cha polisi huwa ameambiwa kwamba anawafungulia mlango na jamaa zake.

Kisa cha Italia ni kizito zaidi. Msichana wa miaka 13 alitoweka Novemba 2010 katika mji wa Brembate di Sopra, na mwili wake ukapatikana miezi mitatu baadaye. Kwenye nguo zake kulikuwa na DNA ya mwanamume asiyejulikana. Wapelelezi walikusanya sampuli za maelfu kwa maelfu ya watu, mojawapo ya kazi kubwa zaidi za aina hiyo kuwahi kufanywa Ulaya.

Sampuli ya kijana mmoja asiye na hatia iliwaelekeza kwenye ukoo fulani, na ukoo huo ukawaelekeza kwa dereva wa basi aliyefariki mwaka wa 1999. Mwili wake ulifukuliwa. Maabara ikasema kwamba mshukiwa ni mtoto wa kiume wa marehemu, ilhali watoto wa kiume wa ndoa yake hawakuoana na ushahidi. Kwa maneno mengine, marehemu alikuwa amezaa nje ya ndoa, na sasa serikali ilianza kuwatafuta wanawake waliomfahamu miongo minne iliyopita.

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika bonde lile la kaskazini mwa Italia, kata ilipokonywa na maabara. Mjane wa dereva alijua ya mumewe kupitia kwa wapelelezi. Mwanamke aliyetajwa kuwa mama alikana hadharani. Mumewe, ambaye kwa miaka 40 na zaidi alikuwa amelea watoto akijua ni wake, alisikia habari hizo pamoja na taifa zima.

Mshukiwa, fundi wa ujenzi, alisimamishwa barabarani Juni 2014 katika kizuizi cha polisi kilichojifanya kuwa cha kukagua ulevi wa madereva. Akapuliza hewa kwenye kifaa, kama wapulizavyo madereva wa Kenya kwenye kile wakiitacho Alcoblow, na mate yaliyobaki pale yakapelekwa maabara bila yeye kujua. Alifungwa maisha mwaka wa 2016, na hukumu hiyo ikathibitishwa na mahakama ya mwisho mwaka wa 2018, ingawa amekuwa akisisitiza kwamba hana hatia.

Ni vigumu kusema kwamba msichana wa miaka 13 hakustahili juhudi zote hizo. Lakini hesabu ya gharama haina budi kuwajumuisha pia wale ambao nyumba zao zilibomoka bila wao kutenda kosa lolote, na ambao hakuna mahakama itakayowafidia.

KINACHOBAKI MAABARA

Lipo jambo jingine ambalo mtoaji mate hulisahau mara atokapo mlangoni. Sampuli na rekodi ni vitu viwili tofauti. Rekodi ni safu ya tarakimu zinazotokana na sehemu chache za DNA. Yatosha kumtambua mtu, lakini haisemi mengi kuhusu afya yake. Sampuli yenyewe, yaani yale mate au damu, imebeba habari zote za mwili, zikiwemo za maradhi ya kurithi. Rekodi ikihifadhiwa, mtu hugeuka mshukiwa wa kudumu kwa sababu kila uhalifu mpya utalinganishwa naye. Sampuli ikihifadhiwa, imehifadhiwa pia kwa matumizi ambayo bado hayajavumbuliwa.

Uingereza ilianzisha hazina yake ya kitaifa ya DNA Aprili 1995. Mnamo 2001 sheria ilirekebishwa na kuweka masharti ya ajabu kwa waliojitolea: aliyetia sahihi kukubali rekodi yake ihifadhiwe hakuruhusiwa tena kubadili nia. Mkopaji wa benki hupewa nafasi ya kulipa na kuondoka. Huyu aliyewasaidia polisi hakupewa.

Hatari yake haikuwa ya kubuni. Karibu na mwaka wa 2000, mkazi wa Swindon aliyekuwa mgonjwa sana wa maradhi ya Parkinson alishtakiwa kwa wizi uliofanywa Bolton, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwake, kwa sababu rekodi yake ilioana na ushahidi katika sehemu sita za DNA zilizokuwa zikipimwa wakati huo. Mtu huyo hakuweza kutembea mwendo wa maana bila kusaidiwa. Upimaji uliporudiwa kwa sehemu kumi, ilibainika kwamba hakuwa yeye. Tangu hapo idadi ya sehemu zinazopimwa imeongezwa, na uwezekano wa kosa la aina hiyo umepungua sana. Lakini kadiri hazina inavyopanuka na ushahidi kutoka maeneo ya uhalifu unavyokuwa hafifu au mchanganyiko, hauishi.

Mnamo Desemba 4, 2008, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwa kauli moja dhidi ya Uingereza, katika kesi ya watu wawili ambao rekodi zao zilibakizwa ingawa hawakupatikana na hatia. Mmoja alikuwa na miaka 11 alipokamatwa. Majaji walisema kuhifadhi bila kikomo DNA ya watu wasio na hatia ni kuvunja haki ya faragha. Sheria mpya ya 2012 ilifuta rekodi za zaidi ya watu milioni moja na kumwezesha aliyejitolea kuondoa idhini yake wakati wowote.

Ujerumani kwa upande wake ilikwisha kuweka masharti makali zaidi tangu 2005. Upimaji wa halaiki hauruhusiwi ila kwa makosa mazito, kwa amri ya jaji, na kwa idhini ya maandishi ya kila mtu, baada ya kuelezwa kwamba anaweza kukataa. Sampuli huharibiwa kazi ikiisha. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba jaji, asiye na shinikizo la kumtafuta mhalifu, ndiye anayepima kama idadi ya watu wanaosumbuliwa inalingana na uzito wa kosa. Hata hivyo, jaji hawezi kuizuia jamii kumnyooshea kidole asiyekwenda.

Suala hili si geni kwa Wakenya, ijapokuwa liliingia kwa mlango mwingine. Mabadiliko ya sheria ya usajili wa watu yaliyopitishwa mwaka wa 2018 ili kuanzisha mfumo wa Huduma Namba yalitaja DNA miongoni mwa habari ambazo serikali ingeweza kukusanya kutoka kwa kila raia. Nubian Rights Forum na mashirika mengine ya kutetea haki yalikwenda mahakamani.

Aprili 2019, Mahakama Kuu ilizuia kwa muda ukusanyaji wa DNA na kuamuru kwamba mtu yeyote asilazimishwe kujisajili wala kunyimwa huduma kwa kutojisajili. Usajili, kwa maneno ya kisheria, ukawa wa hiari. Mamilioni walipanga foleni hata hivyo, wengi wakihofia kwamba siku moja wangeulizwa namba hiyo hospitalini, shuleni au benki. Januari 30, 2020, majaji watatu waliamua kwamba kukusanya DNA kwa ajili ya usajili ni kuingilia faragha inayolindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba, na kwamba haikuwa lazima.

Kwa upande wa uhalifu, Kifungu cha 122A cha Kanuni ya Adhabu kinampa afisa wa polisi wa cheo cha inspekta au zaidi uwezo wa kuamuru kwa maandishi mshukiwa wa kosa zito achukuliwe sampuli ya DNA, mradi kuwe na sababu za kuridhisha za kuamini kwamba itathibitisha au kukanusha tuhuma. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 nayo inairuhusu mahakama kuagiza mshtakiwa apimwe. Vyote viwili vinamzungumzia mtu ambaye tayari ana jambo la kujibu, wala si kijiji kizima.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeziweka habari za jeni katika kundi la data nyeti, inataka idhini iwe ya wazi, huru na yenye kueleweka, na inamruhusu mtu kuiondoa. Lakini sheria hiyo hiyo inatoa msamaha pale panapohusika usalama wa taifa au maslahi ya umma, na ni vigumu kuuwazia upelelezi wa mauaji ambao polisi hawatauita wa maslahi ya umma.

Isitoshe, haki zote hizo zimepewa mwenye data, anayefikiriwa kuwa mtu mmoja aliyetia sahihi fomu moja. Nduguye aliye Mombasa na binamu aliye Eldoret, ambao sampuli ile inawagusa vilevile, hawana fomu ya kutia sahihi wala ya kuondolea idhini.